Ruaha au Nyerere: Mzunguko wa Kuufuata Mto Mmoja Katika Hifadhi Mbili

Familia ya mke wangu imekubaliana kwamba mwakani, shule zitakapofungwa, wote waende kuona wanyama pamoja, kuanzia baba mkwe, mstaafu wa reli mwenye goti linalomsumbua, hadi mjukuu wa mwisho ambaye bado ananyonya. Hifadhi za kaskazini ziliondolewa mapema kwa sababu ya umbali na gharama. Mabishano yalianza pale zilipobaki mbili tu: nusu ya ndugu walitaka Ruaha, nusu walitaka Nyerere, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika kote kuwili. Mimi, mke wangu na kaka yake tulitumwa kwenda kuzikagua mwishoni mwa Septemba kwa Prado ya shemeji. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la matumizi na picha za simu.

Kwa asiyezifahamu, Ruaha ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na baada ya bonde la Usangu kuongezwa mwaka 2008 ukubwa wake ulifika takriban kilomita za mraba 20,000. Nyerere ni changa kwa jina tu. Ilimegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous na ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, hivyo ndiyo kubwa kuliko zote nchini. Kinachoziunganisha ni maji, kwa sababu Ruaha Mkuu unatoka Usangu, unapita hifadhi ya kwanza, unaingia mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha unamwaga maji yake katika Rufiji ndani ya hifadhi ya pili. Tukaamua kushuka na mto huo kadiri barabara zitakavyoruhusu.

Jumamosi: Dar es Salaam hadi Iringa

Tulitoka Tabata saa kumi alfajiri ili tuipite Chalinze kabla malori hayajajaa barabarani, na kufikia saa mbili tulikuwa Morogoro tukinywa chai ya maziwa kwa chapati. Mbele ya hapo barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Mwendo humo umedhibitiwa, matuta ni mengi, na anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Tuliona tembo, pundamilia na kundi la nyati bila kulipa senti, jambo lililomfanya shemeji aseme, “Shemeji, wanyama si ndio hawa? Tugeuze tukalale nyumbani.”

Ruaha Mbuyuni tuliuona mto wetu kwa mara ya kwanza, chini ya daraja, ukiwa na maji ya rangi ya udongo. Pande zote za barabara palikuwa na mifuko ya vitunguu imepangwa hadi usawa wa kifua. Mke wangu alinunua ndoo moja kwa bei ambayo aliisimulia hadi Iringa.

Kitonga ilitushika. Lori la mzigo lilikuwa limekatika ekseli kwenye kona ya tatu ya mlima, na foleni ilitusimamisha kwa zaidi ya saa mbili kwenye jua. Dereva wa lori lililokuwa mbele yetu, mtu mzima aliyekuwa akielekea Tunduma, alitoa jiko la gesi kutoka kwenye sanduku lililo ubavuni mwa lori, akachemsha chai ya tangawizi na kutugawia sisi pamoja na abiria wa basi waliokuwa wameshuka. Alikataa fedha, akaomba tu vitunguu viwili kwa ajili ya mboga yake ya jioni, akapewa kumi.

Tulifika Iringa jioni na kukuta nyumba ya wageni tuliyoitumia malipo ya awali imekwisha kuwapa wengine vyumba vyetu. Mhudumu, ambaye kosa halikuwa lake, alitusindikiza kwa miguu hadi nyingine mtaa wa pili, Sh 40,000 kwa chumba pamoja na chai ya asubuhi. Iringa iko juu na Septemba bado ina baridi ya usiku, kwa hiyo anayetoka pwani abebe sweta.

Jumapili: Iringa hadi Msembe

Asubuhi ilikwisha sokoni na kwenye kituo cha mafuta. Ruaha haina duka la kutegemea, hivyo tulibeba lita 40 za maji, mchele, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, mkaa, mkate na nyanya za Ilula, na tukajaza tangi pamoja na dumu moja la akiba.

Msembe, makao makuu ya hifadhi, iko kilomita 130 hivi magharibi ya mji. Njiani, muda mfupi baada ya kutoka mjini, iko Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, ambako kuna makumbusho madogo yanayohifadhi fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Dakika arobaini zilitutosha, na nashauri anayekuja na watoto asiipite, kwa sababu baada ya hapo ni vumbi na mitikisiko kwa saa kadhaa. Mbele barabara inagawanyika. Tawi moja limenyooka porini bila kuonyesha mwisho, na jingine linapita Idodi na Tungamalenga kwenye vijiji na migahawa. Tulichukua la vijiji. Idodi tulikula wali, maharage na kuku wa kienyeji kwa Sh 6,000 kila mtu, na mama mwenye mgahawa alipoona macho ya mke wangu yamekuwa mekundu kwa vumbi alimletea beseni la maji ya uvuguvugu na khanga safi ya kujifutia kabla hata hajaagiza chakula.

Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi, na kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu saa ya kuingia, kwa hiyo anayeingia saa nane mchana anapata jioni moja na asubuhi moja kwa kiingilio kile kile. Kiingilio cha raia ni kidogo, ila kitambulisho cha taifa lazima kiwepo mkononi. Mtandao wa simu ulipotea tukiwa getini pale pale, na mlinzi akamruhusu shemeji apande kichuguu kilicho nyuma ya ofisi, mahali ambapo inaonekana kila mgeni hupelekwa, hadi malipo yalipopita.

Tulivuka daraja la Ibuguziwa saa kumi alasiri. Mto uliokuwa na maji mengi kule Mbuyuni, huku juu ulikuwa madimbwi yaliyotengana, viboko wamebanana ndani yake migongo ikiwa nje, na mamba wamelala kwenye mchanga mita chache tu kutoka walipo swala pala wanaokunywa.

Jumatatu: Mwagusi

Siku hii ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini watu wa Ruaha hubisha kwa ukali. Tulimchukua mwongozaji pale Msembe, kijana wa Tungamalenga, naye akatuambia tusihangaike kukimbilia huku na huku bali tukae kwenye kingo za Mwagusi, mto wa mchanga ambao kiangazi hauonyeshi tone la maji juu yake.

Saa mbili na nusu walishuka tembo tisa, wakubwa na watoto. Jike mkubwa alichagua mahali, akaanza kupiga mchanga kwa ncha ya mguu wa mbele huku akiuondoa kwa mkonga, pole pole, mpaka shimo likafika kina cha goti lake. Maji yalipoanza kujikusanya aliyavuta mara moja na kuyamwaga pembeni, akavuta tena na kumwaga tena, na mara ya tatu, yalipokuwa yametakata, ndipo alipokunywa. Ndama wake alijaribu kuingiza kichwa kizima shimoni, akasukumwa kando kwa mguu bila hasira. Nyuma yao, juu ya ukingo, kundi la nyani na kanga lilikuwa limekaa likisubiri. Mwongozaji alieleza kwamba mashimo hayo huachwa wazi na wanyama wasio na uwezo wa kuchimba huyategemea. Tulikaa pale kwa karibu saa tatu, injini imezimwa, na hakuna gari jingine lililopita.

Mchana tuliona simba kumi na wawili chini ya mbuyu ambao gome lake lilikuwa limechimbwa na pembe za tembo hadi shina likabaki na uwazi wa kutosha mtu kuingia. Tuliona pia tandala wakubwa na wadogo, ambao ni nadra kuwakuta wote wawili katika hifadhi moja. Palahala na korongo, aina mbili za swala wakubwa, hatukuwaona, na mwongozaji hakutuficha kwamba kuwapata kunahitaji siku zaidi na bahati.

Nilimuuliza kuhusu mto. Jibu lake linafanana na yale yaliyoandikwa na watafiti wengi: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika mtiririko ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kwa sababu maji ya juu, kule Usangu, yanachepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na ardhioevu ya Ihefu, inayotakiwa kuyatunza na kuyaachia kidogo kidogo, ilidhoofishwa na mifugo na kilimo. Ndiyo maana Usangu iliingizwa hifadhini. Mgeni wa Septemba na Oktoba anapata faida ya kuwaona wanyama wamekusanyika, lakini anapaswa kujua kwamba sehemu ya mkusanyiko huo inatokana na kiu iliyosababishwa na binadamu.

Vibanda vya hifadhi pale Msembe viko karibu na mto, ni vya bati, vya kawaida kabisa, vina vitanda, neti na choo ndani. Jiko ni la pamoja. Hakuna uzio, na baada ya giza mtu hatembei nje hata hatua ishirini. Usiku kucha tulisikia fisi, na alfajiri tulikuta nyayo za tembo kati ya gari na mlango.

Baba mkwe alipopatikana kwenye simu, maswali yake yalikuwa mawili kama kila jioni. “Kuna kivuli? Na choo kiko wapi?” Mke wangu alimjibu kwamba choo kipo ndani ila kivuli cha mchana ni cha mti, nyuzi joto zikiwa juu ya 35, na hakuna feni. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu mto.

Tahadhari moja inahusu hifadhi zote mbili: mbung'o. Huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na shemeji aliyevaa jinzi aliumwa hadi mapajani wakati mimi na suruali yangu ya kaki nilisalimika kwa kiasi. Madirisha yafungwe kwenye maeneo ya vichaka, hata kama joto ni kali.

Jumanne na Jumatano: kurudi barabarani

Tuliondoka Msembe saa nne asubuhi, tukalala Iringa, na kesho yake tukashuka Kitonga hadi Morogoro bila jambo la kusimulia isipokuwa mahindi ya kuchoma ya Ilula.

Alhamisi: Morogoro hadi Kisaki

Wengi huenda Nyerere kutoka Dar es Salaam kupitia Kibiti na Mloka. Sisi tuliingilia kaskazini, kwa barabara inayozunguka milima ya Uluguru kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki, kama kilomita 150, na ilituchukua saa sita na ushee. Kipande cha Matombo ni kizuri sana, vijito vinashuka milimani na migomba imefika hadi kandokando ya njia. Wakati wa masika nisingeipendekeza kwa mtu yeyote.

Karibu na Mvuha tairi la nyuma lilichanwa na jiwe ubavuni, na tulipolifunga la akiba tukakuta nalo linavuja. Fundi wa pancha wa kijijini alilitia kiraka la akiba, akatueleza kwamba lile lililochanika haliwezi kurudi barabarani, kisha akapanda pikipiki na kwenda kumwomba jamaa yake tairi kuukuu la ukubwa ule ule. Akarudi nalo mgongoni baada ya saa moja. Alidai Sh 70,000 kwa tairi, na kwa kazi yake akasema tumpe tunachoona kinafaa. Anayepita njia hiyo abebe matairi mawili ya akiba.

Kisaki kuna stesheni ya TAZARA. Tulisimama kwenye makutano ya reli kusubiri treni ya mizigo ipite, na mke wangu akairekodi yote, behewa kwa behewa, kwa ajili ya baba yake aliyefanya kazi kwenye reli hiyo na ambaye alituambia kwamba miaka ile abiria walikuwa wakiona twiga kupitia madirishani. Tulilala kwenye chumba cha Sh 20,000, neti nzuri, maji ya ndoo.

Ijumaa: Matambwe hadi Mtemere

Ukitoka lango la Matambwe kuelekea mashariki, saa za kwanza ni miombo iliyokauka na mbung'o wengi kuliko Ruaha. Nchi inafunguka kuanzia Beho Beho. Hapo lipo kaburi la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Januari 1917 katika mapigano dhidi ya Wajerumani, ambaye jina lake lilibebwa na pori hili kwa miongo mingi. Ni bamba dogo juu ya zege kando ya njia, na shemeji hakushuka hata garini.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, liko juu kidogo kwenye korongo la Rufiji na halimo katika njia ya mtalii wa kawaida. Maji ya Ruaha yanaishia kwanza humo. Chini yake ndiko yaliko maziwa ambayo watu huyafuata: Tagalala, Manze, Nzerakera. Tofauti na tulikotoka ilionekana mara moja. Hapa hakuna mnyama anayechimba. Kuro na nyumbu wamesambaa kwenye majani mabichi, twiga wanatembea makundi makundi ufukweni, na miti ya mivumo iliyokufa imesimama ndani ya maji bila vichwa, kila mmoja na tai mla samaki au mnandi juu yake.

Saa kumi, karibu na Manze, tuliwapata mbwa mwitu, saba, wamelala kivulini matumbo yamejaa. Eneo hili ni moja ya ngome zao kubwa zilizobaki Afrika. Magari manne yalikuwa yamekwisha kuwazunguka, na hapo nilizikumbuka saa zetu tatu za Mwagusi tulizokaa peke yetu. Tulitoka lango la Mtemere kabla halijafungwa, tukalala Mloka kwenye kambi ya nje ya hifadhi, Sh 60,000 kwa banda la watu wawili.

Jumamosi: Rufiji kwa boti

Boti tuliikodi kwa saa mbili na nusu, Sh 200,000 kwa sote, ikiwa na turubai juu, maboya ya kuvaa, na nahodha mtu mzima mzaliwa wa Mloka. Kila alipokaribia kina kirefu aligonga ubavu wa boti kwa mpini wa kafi, na viboko wakaibuka mbele yetu badala ya chini yetu. Kwenye ukingo wa udongo palikuwa na mamia ya matundu ya ndege aina ya keremkerem, nao wakiingia na kutoka na nyuki mdomoni. Mke wangu alimwita nahodha “baba” na kumuuliza kuhusu mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na mzee akaonyesha kwa kafi mahali ambapo alikuwa na shamba la ufuta, sasa mchanga mtupu. Kuhusu bwawa alisema tu kwamba maji ya kiangazi siku hizi hayashuki kama alivyoyazoea.

Chakula cha mchana kilikuwa perege wa nazi na wali, Sh 8,000, na sijala samaki mzuri kuliko huyo mwaka huu.

Jumapili: Mloka hadi Dar es Salaam

Mloka hadi Kibiti ni takriban kilomita 100 za vumbi na mchanga, saa tatu kwa mwendo wa busara, kisha lami kupitia Mkuranga, ambako korosho za kando ya barabara ni nafuu kuliko mjini. Asiye na gari anaweza kupanda basi la Mloka linaloondoka alfajiri upande wa Mbagala. Kwa Ruaha, yako mabasi ya Iringa hadi Tungamalenga yanayoondoka mchana, lakini lazima ukodi gari la kuingilia hifadhini, na hiyo ndiyo gharama kubwa. Mafuta ya mzunguko wetu wote yalifika kama laki sita.

Kikao cha familia kilipokutana tena niliweka picha mezani na kusema wazi ninavyoona. Mtu anayetaka kumtazama mnyama kwa muda mrefu, bila magari mengine, na anayevumilia vumbi, joto na siku mbili za barabara kila upande, aende Ruaha, na aende Septemba au Oktoba. Kwa wanyama peke yao ningeichagua Ruaha bila kusita. Lakini goti la mzee na mtoto anayenyonya haviwezi kukaa garini saa tisa hadi Iringa na nyingine nne hadi Msembe, wakati Mtemere inafikika kwa siku moja, kuna maji, kuna upepo wa mto, na boti inawapa nafasi hata wasioweza kupanda gari refu.

Shemeji alipinga, kwa hoja kwamba watoto watakumbuka simba kuliko ndege. Kura zikapigwa, na Nyerere ikapita kwa mwezi wa saba, kwa sababu kuanzia Machi hadi Mei kambi nyingi hufungwa na njia hazipitiki. Tutakodi gari mbili zilizoinuliwa, moja ikiwa na ngazi ya pembeni kwa ajili ya baba mkwe. Shemeji na mimi tumekwisha kuulizia vibanda viwili vya Msembe kwa Oktoba inayofuata, na safari hiyo tutapitia lile tawi la barabara lililonyooka.